Kazi zipi ziingie kwenye potifolio: mwongozo kamili kwa dizaina wa lebo na vifungashio anayejitegemea

Mjasiriamali mwenye asali, unga wa lishe au mafuta ya alizeti akikwambia "nitumie kazi zako nione", ana swali moja kichwani: bidhaa yangu ikipangwa dukani katikati ya nyingine, mtu ataishika au ataipita? Ukimtumia mabango ya tamasha, kadi za harusi, nembo ya chaneli ya YouTube, halafu lebo mbili zimejificha huko katikati, umemwachia yeye kazi ya kulitafuta jibu. Wengi hawana muda huo. Watakujibu "sawa, nitakucheki", na hapo ndipo habari inapoishia.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria dizaina wa vifungashio, kwa sababu wazalishaji wadogo wa kwetu wanahitaji sana watu wa kuwafanyia kazi hii vizuri, na madizaina wengi wenye uwezo wanakosa kazi hizo kwa kuonyesha vitu visivyohusika. Mpiga picha, mfasiri au fundi wa tovuti anaweza kuzifuata hatua hizi hizi, abadilishe mifano tu. Jambo kubwa ninalotaka ulibebe ni hili: utaitwa kwa kazi zinazofanana na zile unazozionyesha. Ukijaza kadi za harusi utaletewa kadi za harusi, hata kama moyo wako uko kwenye chupa na pakiti.

Hatua ya kwanza: amua unataka kuitwa kwa kazi gani

Kabla hujafungua kompyuta, andika sentensi moja ya kumtaja mteja unayemtaka, bidhaa yake na mahali anapouzia. Kwa mfano: "Wasindikaji wadogo wa vyakula wanaotaka kutoka kuuza kwa majirani na kuingia kwenye maduka makubwa." Sentensi hiyo ndiyo kipimo chako mpaka mwisho. "Natengeneza chochote cha grafiki" haikusaidii, kwa sababu hakuna kazi utakayoweza kuikataa kwa kuitumia.

Kama hulijui soko hilo vizuri, nenda ukalione. Maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na ya Nanenane kila Agosti, iwe Nzuguni Dodoma, Themi Arusha au John Mwakangale Mbeya, huwakusanya wasindikaji wengi mahali pamoja, wakiwemo wanaolelewa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Tembea banda kwa banda. Angalia wanafungashia nini: chupa za plastiki, pakiti za khaki zenye kidirisha, ndoo, boksi. Utaona stika zilizochapwa kwa printa ya ofisini ambazo wino wake umeanza kukimbia kwa mafuta au unyevu. Utaona lebo nzuri ambayo tarehe ya kuisha muda imeandikwa kwa kalamu pembeni kwa sababu dizaina hakuacha nafasi. Uliza, sikiliza, andika. Ukirudi nyumbani utajua potifolio yako inatakiwa ionyeshe unaweza kutatua shida zipi, na kuchagua kutakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya pili: kusanya kila kitu kabla ya kutupa chochote

Kumbukumbu huchagua kazi iliyotusumbua sana au iliyosifiwa sana, na mara nyingi zote mbili si zile anazozihitaji mteja. Kwa hiyo usichague kwa kichwa. Pekua diski, barua pepe ulizotuma na mazungumzo ya WhatsApp na wateja wa zamani, kisha mpigie aliyekuchapia uone kama bado anayo mafaili. Weka yote kwenye folda moja, halafu tengeneza jedwali lenye safu hizi: mteja, mwaka, wewe ulifanya nini hasa, ilichapwa au iliishia kwenye skrini, faili la asili lipo au halipo, ruhusa ipo au haipo.

Vitu vyenyewe navyo vikusanye. Kama asali uliyoitengenezea lebo inauzwa dukani, nunua chupa moja uihifadhi mahali pasipopigwa jua. Siku mzalishaji akibadilisha lebo, chupa hiyo ndiyo ushahidi utakaokuwa umebaki nao.

Hatua ya tatu: chuja

Hapa ndipo penye kazi kweli, kwa hiyo tulia. Ichukue kila kazi peke yake uipitishe kwenye maswali yafuatayo.

Swali la kwanza ni kama inafanana na kazi unayoitaka. Kufanana si lazima kuwe kwa bidhaa ileile. Lebo ya sabuni ya maji inaweza kumshawishi mwenye mafuta ya alizeti, kwa kuwa zote ni chupa, zote hushikwa na mikono yenye utelezi, zote husimama kwenye rafu. Bango la tamasha, hata liwe zuri namna gani, halimwambii kitu.

La pili ni kama ilitoka ikatumika. Kazi iliyochapwa, ikabandikwa na kuuzwa ina uzito ambao picha ya kompyuta haina, maana inaonyesha umevuka pale wengi wanapokwama: rangi iliyobadilika baada ya kuchapwa, stika isiyokaa kwenye chupa yenye mviringo, maandishi madogo yasiyosomeka. Mteja aliyewahi kupoteza hela kwa mchapaji analijua hilo kuliko unavyodhani.

La tatu: unaweza kueleza kwa nini kila kitu kiko pale kilipo? Tuchukue mfano wa lebo ya asali ya Tabora kwenye chupa ya gramu 500. Lebo haizunguki chupa yote. Imeachwa nafasi nyuma ili rangi ya asali yenyewe ionekane, kwa sababu mnunuzi wa asali hupenda kuinyanyua kwenye mwanga kabla ya kulipa. Rangi za kuchapa ni mbili tu, ili mzalishaji aweze kuchapa kidogo kidogo bila kuumia. Upande wa kulia kuna kisanduku cheupe ambacho hakikupakwa vanishi, kwa sababu wino wa muhuri haukamati vizuri juu ya vanishi, na mzalishaji huyu hugonga tarehe kwa mkono kila anapopakia. Mtu akiiona haraka ataiita lebo ya kawaida. Ukimweleza mambo hayo matatu, mwenye bidhaa atakaa wima kwenye kiti. Iweke mbele ya bango lako la kung'aa bila kusita.

Swali la nne linawahusu sana wanaoanza: ni yako? Kama ulichukua templeti, yaani muundo uliokwisha kutengenezwa, kwenye tovuti kama Canva au Freepik ukabadilisha jina na rangi, mteja amepata huduma halali ikiwa masharti ya leseni yalifuatwa, lakini usiiweke kama ubunifu wako. Templeti hiyohiyo inatumiwa na watu wengine duniani kote na mteja anaweza kukutana nayo kesho. Kwa nembo ndiyo hatari zaidi: masharti ya Canva hayaruhusu nembo iliyojengwa kwa vipande vya maktaba yao kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Mteja akienda kuisajili BRELA kwa Tanzania, au KIPI kule Kenya, akakwama, jina litakaloharibika ni lako. Na kama mlifanya wawili, au ulikuwa chini ya kampuni ya matangazo, sema sehemu yako: "nilichora kielelezo na kupanga maandishi, wazo kuu lilikuwa la timu." Mteja anayejua kazi atakuheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Swali la tano hurukwa na wengi, nami naliona ndilo linalotenganisha dizaina wa vifungashio na mchora picha: lebo yenyewe ni sahihi? Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka mambo kama jina la bidhaa, viambato, ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe na maelekezo ya kuhifadhi. Pitia kazi zako zote ukiwa na orodha hiyo mkononi. Lebo nzuri isiyo na ujazo halisi inamwambia mteja makini kwamba naye utamkosesha.

Kuna makosa matatu ya kuyatafuta kwa macho makali. Moja ni barkodi nyekundu au ya chungwa juu ya nyeupe. Skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, hivyo mistari nyekundu haionekani na bidhaa inagoma kusomeka kaunta. La pili ni alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwenye bidhaa ambayo haina leseni ya kuitumia. Kama uliibandika ili tu picha ipendeze, itoe leo, maana alama hiyo hutumiwa kwa kibali. La tatu ni alama ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa Tanzania, kwenye lebo za zamani za vyakula. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Lebo ya mwaka 2017 yenye TFDA ilikuwa sahihi wakati wake na unaweza kuibakiza, ila andika mwaka waziwazi. Bila mwaka, msomaji atadhani hujui mambo yalivyo sasa.

Kuhusu umri wa kazi, kipimo changu ni kwamba iliyopita miaka minne itoke, isipokuwa kama bidhaa bado inauzwa kwa lebo ileile. Lebo iliyodumu dukani miaka sita ni sifa kubwa, isemee.

Kazi ulizozipenda lakini zimeshindwa maswali haya usizifute. Ziweke kwenye folda ya akiba. Najua inauma kuiacha kazi uliyokesha nayo, lakini mteja haoni usiku ule, anaona kilichopo mbele yake.

Hatua ya nne: ruhusa

Usichukulie kwamba ukishachora ni yako kuionyesha utakavyo. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kwamba kazi uliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Popote ulipo, njia salama ni kuweka sentensi moja kwenye makubaliano tangu mwanzo: "Dizaina ataruhusiwa kuonyesha kazi hii kama mfano wa kazi zake baada ya bidhaa kuingia sokoni." Yale maneno "baada ya bidhaa kuingia sokoni" yana maana kubwa. Kumvujishia mteja bidhaa yake kabla hajaizindua ni kumpa mshindani wake nafasi ya kumtangulia.

Kwa kazi za zamani zisizo na maandishi, omba tu. Watu wengi hukubali wakiombwa kwa heshima. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mama. Natumaini biashara inaendelea vizuri. Naomba ruhusa yako niweke picha ya lebo ya pilipili niliyokutengenezea kwenye kazi ninazowaonyesha wateja. Nitataja jina la bidhaa, bei tuliyokubaliana sitaitaja. Kama kuna kitu usingependa kionekane, niambie nikitoe. Asante sana."

Jibu lake lihifadhi. Akisema hapana, iache, hata kama ndiyo kazi yako bora.

Namba za simu na sura za watu ni jambo jingine. Lebo nyingi za wajasiriamali zina namba ya simu binafsi, zifiche kwenye picha ya potifolio. Picha ya mtoto kwenye pakiti ya unga wa lishe inahitaji ridhaa ya mzazi, na ridhaa ya kuitumia kwenye pakiti haimaanishi ridhaa ya kuitumia kwenye matangazo yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019, na si za kuwekwa kabatini. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Kazi za siasa na za dini? Bango la kampeni silishauri kwa potifolio ya vifungashio. Halihusiki, na linamfanya mteja aanze kukupima kwa chama. Za dini ziache kwa sababu ileile ya kutohusika, isipokuwa kama bidhaa yenyewe ndiyo hiyo, mfano boksi la tende za Ramadhani.

Hatua ya tano: ziba mapengo

Baada ya kuchuja unaweza kubaki na kazi mbili tu. Hali hiyo ni ya kawaida kwa anayehama kutoka mabango kwenda vifungashio. Tengeneza kazi za kujitungia, ila zitengeneze kana kwamba mteja yupo. Buni jina la bidhaa, kisha ujiwekee masharti magumu: chupa ya mililita 250, rangi mbili, maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, barkodi, nafasi ya kugonga tarehe. Chapa nakala chache, nunua chupa tupu, bandika, upige picha. Halafu iandike wazi kuwa ni kazi ya kujitungia. Mteja hatakudharau kwa hilo, lakini akigundua mwenyewe kwamba bidhaa haipo, atatilia shaka na zile za kweli.

Nashauri usijipe zoezi la kubuni upya nembo ya benki kubwa au kampuni ya bia. Mama anayepakia chupa mia mbili kwa mwezi hajioni humo. Pia usiichukue lebo mbaya ya mjasiriamali halisi ukaionyesha hadharani kando ya yako ili yako ing'ae. Ni watu wa soko hilohilo unalolitafuta, nao wanajuana.

Njia nyingine ni kuchukua kazi moja ya kikundi cha wasindikaji kwa bei nafuu. Bei nafuu, si bure kabisa. Angalau walipie uchapaji, maana kisicholipiwa mara nyingi hakichapwi, na lebo ambayo haikuchapwa haikuzibii pengo. Kwa kubadilishana na punguzo hilo, omba ruhusa ya maandishi na nafasi ya kupiga picha bidhaa ikiwa dukani.

Hatua ya sita: idadi na mpangilio

Kati ya sita na kumi zinatosha. Ukibaki na tano nzuri, peleka tano, usiongeze ya sita dhaifu kwa ajili ya kujaza. Hakikisha zinatofautiana kwa umbo: chupa, pakiti, ndoo, boksi. Kama lebo mbili zinathibitisha jambo lilelile, bakiza iliyouzwa zaidi mahali pa wazi, nyingine iende akiba.

Ya kwanza iwe ile inayofanana zaidi na ombi la mteja huyu, kwa kuwa huenda ndiyo pekee atakayoitazama kwa utulivu. Ya mwisho nayo iwe na nguvu, kwa sababu ndiyo inayobaki kwenye skrini anapoanza kukuandikia. Katikati panga uonavyo.

Kila kazi ipe picha tatu au nne: bidhaa nzima, lebo kwa karibu mpaka maandishi madogo yasomeke, nyuma ya pakiti, na moja ikiwa rafuni pamoja na bidhaa nyingine. Mokapu za kupakua mtandaoni, yaani picha za chupa au pakiti tupu za kubandikia lebo kwa kompyuta, zitumie kwa kiasi, chupa ileile ya kijivu inayoelea hewani imeshaonekana mno. Simu ya kawaida, mwanga wa dirishani asubuhi na karatasi nyeupe ya manila nyuma ya chupa vitakupa picha inayoaminika zaidi.

Hatua ya saba: maelezo mafupi ya kila kazi

Andika mistari mitatu au minne chini ya kila kazi, useme shida ilikuwa nini, uliamua nini na nini kilitokea. Kama hivi:

"Unga wa lishe, pakiti ya kilo 1, 2023. Wateja walikuwa wakiuchanganya na sembe kwa sababu pakiti zote zilikuwa nyeupe. Tulitumia karatasi ya khaki yenye kidirisha, na viambato tukavileta mbele badala ya nyuma. Pakiti moja ya msingi inatumika kwa aina tatu za unga, kinachobadilika ni stika tu. Nilifanya usanifu wote na kusimamia uchapaji."

Angalia kwamba hakuna "ubunifu wa kipekee" wala "kazi ya kiwango cha kimataifa". Usitaje ongezeko la mauzo kama mteja hakukupa takwimu na kukuruhusu kuitoa. Ukisema mauzo yalipanda mara mbili, ukaulizwa umejuaje, utakosa la kusema.

Hatua ya nane: kutuma

Wateja wengi wa aina hii wataifungua potifolio kwenye simu, wakitumia bando. Tengeneza PDF moja isiyozidi megabaiti 5, na kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Ukituma picha moja moja kwa njia ya kawaida, WhatsApp inazibana, na yale maandishi madogo uliyoyapanga kwa uangalifu yanageuka ukungu. Jina la faili liwe na jina lako na neno "vifungashio", asije akalitafuta baada ya wiki mbili na kukutana na mafaili matano yanayoitwa "mwisho". Lifungue kwanza kwenye simu ya bei ndogo, ukiwa nje juani. Kisichosomeka hapo kikuze.

Usitume ileile kwa kila mtu. Kutoka kwenye kazi zako nane, mwenye juisi mpelekee nne za chupa, mwenye viungo mpelekee nne za pakiti. Akiuliza kama umewahi kufanya kitu kisichomo, mfano kadi za biashara au bango la banda la Nanenane, fungua folda ya akiba umtumie hiyo moja aliyoomba. Lile jedwali la hatua ya pili liongezee mstari kila unapokabidhi kazi mpya, wiki hiyohiyo, wakati mteja bado yuko hewani na picha pamoja na ruhusa ni rahisi kuziomba.